Faili la Fomu Ndani ya Mkoba Wangu

Aibu hii nimeitafuta mwenyewe, na nakusimulieni mie kabla hamjaisikia kwa mwengine ikiwa imetiwa chumvi, maana chumvi wallahi haihitajiki.

Binti yangu Ruqaya alipata nafasi chuo kimoja cha kulipia hapa Maskati, na wazee tukaitwa asubuhi moja kuelezwa njia za mkopo. Mie mikopo nna shaka nayo (marehemu baba yake aliwahi kutia saini karatasi asiyoisoma, ikabidi tuuze gari), basi nilitoka nyumbani Mabela moyo umeshajikunja. Ukumbini mshauri wa chuo, binti anaitwa Amal, akaeleza kwamba kuna benki za kawaida zenye riba, kuna za Kiislamu zinazokulipia ada kisha ukawarudishia pamoja na faida yao iliyotajwa tangu mwanzo, na kuna kulipa chuo chenyewe kwa awamu. Mie nikawa najiuliza mbona anatabasamu sana. Akasema tujaze fomu, tuambatanishe nakala ya bataka (kitambulisho chetu cha huku), tuziweke ndani ya faili lililokuwa mezani kwake.

Nikajaza, nikaweka, nikarudi kukaa, roho haitulii. Bataka yangu kwa watu nisiowajua? Amal alipotoka kupokea simu, nikamwambia Ruqaya nakwenda kunywa maji, nikaenda kuichukua fomu yangu, hiyo tu, lakini nikasikia viatu nyuma yangu, nikababaika, nikakumba nilichokishika na kukisukumia mkobani.

Amal akarudi, akachungulia mpaka chini ya meza, akauliza kwa upole nani kaliona faili la fomu. Na mie, nisijue nilichobeba, nikamgeukia mama wa pembeni nikamwambia hawa wezi, nilijua tangu mwanzo. Yeye akamwambia mumewe, mumewe akasimama, mara watu wote ukumbini wanadai bataka zao na mie ndiye napiga kelele kuliko wote (nilimwita mtoto wa watu tapeli, Mungu anisamehe). Mlinzi akafunga mlango, tukaombwa tufungue mikoba.

Nikaupapasa wangu, nikahisi ugumu wa jalada.

Ruqaya ndiye aliyelitoa. Fomu za ukumbi mzima. Akanitazama kama ananiona leo.

"Mama, si ulisema unakwenda kunywa maji?"

Nikaomba radhi. Mume wa yule mama wa pembeni akaniuliza nilitaka kuziuza bataka zao kwa nani, na sikukasirika, maana ningekuwa yeye ningeuliza hivyo hivyo. Amal akanivuta pembeni, akaniita khalti kama mama yake mdogo.

"Khalti, ungeniomba tu ningekupa."

Kisha akanisomea ile fomu mstari kwa mstari, na kumbe haikuwa ya mkopo hata kidogo, ilikuwa ya kuonyesha njia ipi unataka uelezwe zaidi. Tuliishia kuchagua awamu.

Tulipofika nyumbani Ruqaya akasema mkutano ujao atakwenda na mjomba wake, na kweli akaenda naye. Mie shaka sijaiacha, siwezi kukudanganyeni, lakini nimeapa kwamba nikiwa nayo nitaitoa kwa mdomo, mbele za watu, hata wakinicheka, kabla mkono haujafika mezani.