Neno "Bedi" na Goti la Kadija

Jumanne, Juni 15, 1993. Mvua ya usiku imekatika, lakini mawingu bado yamelala juu ya ziwa na uwanja wa shule ya msingi hapa Nyalenda unateleza. Saa moja kasorobo asubuhi, Beldina Apiyo anapanga matairi kumi na moja makuukuu kwenye nyasi.

Watoto wa darasa la kwanza wanapanda juu ya tairi mmoja mmoja na kuruka. Kabla miguu haijagusa chini, Beldina anapaza sauti: "Bedi!"

Ni Kiluo, maana yake kaa. Magoti yanakunjika kana kwamba mtoto anataka kukalia kigoda, mikono inakwenda mbele, na mtoto anatua bila kishindo.

"Ouma! Umeanguka kama gunia la mahindi. Rudia, baba," anasema, na wenzake wanacheka.

Watoto wa mtaa huu hubeba maji kichwani kila asubuhi, hivyo hata wakikimbia shingo zao huwa ngumu na mikono haichezi. "Dorca, ndoo si umeiacha nyumbani?" anamtania msichana mmoja. Dorca anacheka, mabega yanalegea, mbio zinanyooka.

Beldina, mwenye umri wa miaka thelathini na minne, amefanya kazi hii miaka tisa. Hana cheti cha ualimu. Ana watoto themanini na sita, kamba moja, na hayo matairi aliyoyaomba kwa mafundi wa magari. Goti lake la kushoto halikunjiki vizuri tangu aliporuka na kutua kwa miguu iliyokakamaa, akiwa darasa la sita kule Pap Onditi.

"Hakuna aliyenifundisha kutua," anasema. "Kila mtu alinifundisha kuruka."

Anaposema hivyo macho yake yako ng'ambo ya uwanja, kwenye shimo la mchanga. Huko yuko Absalom Khaemba, mwalimu wa michezo aliyekuja mwaka jana kutoka Bungoma, na cheti chake, na filimbi yake, na suti ya michezo ya buluu. Anafundisha kuanzia darasa la tano kwenda juu. Anayeruka sasa ni Kadija, mwenye umri wa miaka kumi na miwili.

Kadija alipofika kwa Beldina akiwa na miaka sita, hakuweza hata kurukaruka kwa mguu mmoja. Mwezi uliopita alishinda mashindano ya wilaya ya kuruka mbali, na Jumamosi hii anatarajiwa Kisii kwa mashindano ya mkoa. Siku ya ushindi wazazi walimbeba Khaemba juu juu. Beldina alikuwa nyuma yao, ameshika viatu vya watoto.

"Niliungua," anakiri. "Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma. Usiku nilipiga magoti nikamwomba Mungu aniondolee wivu. Kisha, kabla ya kusema amina, nikamwomba Khaemba aaibike. Maombi yote mawili, kwa kinywa kimoja."

Siku chache baadaye aliona kitu. Khaemba, asiyejua Kiluo, alikuwa amewauliza watoto maana ya bedi. Walipomwambia ni kukaa, akadhani wamezoeshwa kukalia mchanga, na anayekalia mchanga hupimwa pale makalio yalipogusa, nyuma ya miguu. Akapiga marufuku neno lile. "Hakuna kukaa hapa!" alisema. "Miguu iwe imenyooka!"

Beldina alisikia kishindo cha Kadija akiwa upande wa pili wa uwanja. Alijua. Akanyamaza.

Halafu Kadija akamfuata. "Mwalimu, goti linauma."

"Kamwulize mwalimu wako," Beldina akamjibu, akaendelea kukunja kamba.

Hayo yalikuwa wiki tatu zilizopita. Asubuhi hii Kadija anakimbia, anaruka mbali kuliko wote, anatua kwa kishindo. Hainuki.

Beldina anawaacha watoto kwenye matairi na kukimbia kwa mguu wake mbovu. Goti la msichana limevimba kama embe. Mama yake, Rehma, anayeuza mandazi langoni, anafika mikono ikiwa bado na unga.

"Hakuna Kisii," Beldina anasema baada ya kulipapasa goti. "Labda hata muhula huu wote. Apelekwe hospitali sasa hivi."

Kadija anaanza kulia. Rehma anamtazama Beldina. "Unalijuaje goti la mwanangu hivyo? Ulijua linauma?"

"Nilijua, Mama Kadija. Wiki tatu."

"Na ukanyamaza? Mtoto uliyemfundisha kutembea uwanjani?"

"Ni wivu, mama. Sina neno lingine."

Khaemba amechuchumaa, anakamua kitambaa chenye maji juu ya goti. "Nilidhani bedi ni kukalia mchanga," anasema polepole.

"Ungeniuliza, Bwana Khaemba."

"Na wewe ungeniambia."

Watoto wa darasa la kwanza wamesogea mpaka ukingoni mwa mchanga. Kadija anavuta kamasi, anamtazama Beldina. "Mwalimu, nikipona utanirudisha kwako?"

Beldina anamtazama Khaemba. Khaemba anatikisa kichwa kukubali, kisha anasema, "Na mimi nitasimama hapo kando nijifunze."

Beldina anasimama, anaweka mkono kifuani na kusema kwa sauti inayofika langoni:

"Rehma, Bwana Khaemba, na ninyi watoto, mnisikie. Kuanzia leo, nikiona mwili wa mtoto yeyote unakwenda vibaya, nitasema hapo hapo, awe mtoto wangu au wa mwingine, sifa apewe yeyote yule. Na huyu Kadija, goti likipona, nitamfundisha kutua upya, na siku atakayoshinda, mimi ndiye nitakayembeba Bwana Khaemba juu juu. Mungu amesikia, na ninyi mmesikia."