Kiti cha Dirishani na Mkoba wa Mama Mkwe

Nakumbuka siku moja niliyoogopa kuliko siku zangu zote, na aliyenikumbusha ni wewe, mjukuu wangu, uliponiuliza jana: "Kwaro, kwenye ndege ya Nairobi nikae upande gani ndio nione ziwa fiti?"

Jibu la macho ni rahisi. Kaa kushoto, dirishani, mbele ya bawa. Ndege ikitoka Kisumu kuelekea majini, hulala kushoto ikigeuka, nawe utaliona ziwa, magugu maji yake na mitumbwi, hadi mashamba ya mpunga ya Ahero. Najua kwa sababu nilikaa hapo hapo. Lakini babu yako hajibu swali bila kuzunguka, kwa hiyo vumilia.

Bibi yako alikuwa amelazwa Nairobi, uzazi umekuwa mgumu. Simu ikaja kwamba mama yake aletwe upesi, kwa ndege. Neno hilo upesi lilinikausha mate. Nikaenda Kombewa kumchukua maro, ndivyo tunavyomwita mama mkwe, na unajua heshima yetu kwake: humshiki mkono, huketi karibu naye, huli naye meza moja. Ndege hakuwa amewahi kuipanda.

Kwenye kaunta msichana aliuliza kama tutakaa pamoja. Nikamwambia ni mama mkwe wangu, akaelewa mara moja. Nikajichagulia dirisha la mbele, maro akapata kiti cha nyuma kabisa. Nilisema ni heshima. Kusema kweli nilitaka kuona ziwa, na zaidi ya hapo nilimwogopa, maana uso wake ulikuwa unauliza swali lile lile lililonikaba mimi. Wahenga walisema macho hayana pazia. Mimi nilijitafutia pazia siku hiyo.

Ndege ikaruka, ikafika juu ya ziwa, ikalala. Dirisha langu likajaa maji, mbingu sikuiona tena. Nilijua tunaanguka. Nilishika kiti cha mbele yangu, nikamfikiria mtoto asiye na mama wala baba. Ndipo nikasikia maro analia huko nyuma, akiita jina la bintiye. "Akinyi! Akinyi!" Watu wote wakageuka. Mimi sikugeuka, nikaendelea kutazama maji.

Ndege iliponyooka na tukaruhusiwa kufungua mikanda, niliinuka, nikaenda nyuma. Kiti cha kando yake kilikuwa kitupu. Nilisimama pale kama mwizi aliyeshikwa.

"Mama, ninaogopa," nikasema. Sikuwa nimepanga kusema hivyo.

Akaniangalia usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Umeona nini huko dirishani?"

"Maji, Mama."

"Mimi nimeona kisogo chako. Mtoto wangu anapigania roho, baba, na wewe unanipa kisogo halafu unasema ni heshima? Keti."

Niliketi ukingoni mwa kiti. Akauchukua mkoba wake, ule mkubwa wa kwendea kanisani, akauweka katikati yetu. "Shika hapo," akasema. Nikashika kishikio kimoja, yeye akashika cha pili. Hatukugusana. Kila ndege ilipotikisika aliuvuta, nami nikauvuta. Hofu haikuisha, mjukuu wangu, ila tuliibeba wawili. Tukashuka Nairobi hivyo hivyo, hatujui kama tunakwenda kwa mgonjwa au kwa maiti.

Bibi yako, huyo unayemsikia akigombana na sufuria jikoni, alifungua macho alipomsikia mama yake. Mama yako alikuwa kando yake, amefungwa blanketi. Na maro, sikuketi karibu naye tena hadi tulipomzika, lakini tangu siku ile hakuacha kunitazama usoni.

Basi nasaha yangu ni hii. Kabla hujachagua kiti, angalia unasafiri na nani, na anaogopa nini. Heshima si utumwa, lakini usiifanye maficho pia. Ziwa litakuwepo ukirudi. Aliye kando yako huenda asiwepo.

Mungu akupandishe salama na akushushe salama, na siku utakayotetemeka, usikose mtu wa kushika kishikio cha pili.