Mwaka Tuliokula Bila Nafaka

Nilivuka maji kwenda Bofu kwa shangazi yangu na chakula changu mwenyewe ndani ya mkoba, kwenye kopo la plastiki. Wewe uliyekulia pwani umeshashtuka, najua. Mtu haendi kwa shangazi yake na chakula chake, hata awe katoka kitandani hospitali. Lakini nilikuwa siku ya kumi na tisa bila nafaka, na shangazi yangu hajui mchana usio na wali. Niliuogopa wali wake wa nazi kuliko nilivyomwogopa yeye.

Habari yenyewe ilianzia kazini. Mimi ni karani huku Port Reitz, kazi ya kukaa kutwa, na mwili umeniota taratibu bila kunipigia hodi. Daktari alinipima, akaniambia nipunguze kilo kumi na tano, la sivyo sukari itanipata kabla mwaka haujaisha. Nilirudi ofisini nikilia. Mwenzangu mmoja wa kutoka bara, ambaye alikuwa amepungua mpaka sketi zinamvuka, akaniingiza katika kundi lao la simu, watu wanaofuata kile wanachokiita lishe ya mababu. Hakuna ugali, wali, mkate, chapati wala mahamri. Sukari usiitaje. Kula samaki, nyama, mayai, majani, nazi, korosho, matunda, na kipande cha muhogo ukizidiwa. Mwalimu wa kundi alituambia mababu zetu waliishi hivyo, wakawa wembamba wenye nguvu, nafaka ikaja kutuharibu.

Nilipoisoma ile orodha nilicheka peke yangu pale mezani, maana niliijua. Ilikuwa ni kiangazi kimoja cha utoto wangu, nilipokuwa na miaka sita, kwa nyanya mzaa baba.

Acha nikueleze kiangazi hicho. Sisi tulikuwa tukikaa Changamwe, baba akifanya kibarua bandarini. Siku moja baba alitupeleka Bofu, mimi na wadogo zangu wawili, akatuacha kwa nyanya na shangazi, ambaye wakati huo alikuwa hajaolewa. Tukaambiwa ni likizo. Mvua ilikuwa imekataa, mahindi yamekauka yakiwa hayajapita goti, na kwa nyanya hakupikwi ugali. Hatukuuliza. Kwetu ilikuwa sikukuu isiyokwisha. Asubuhi tulikula muhogo wa kuchoma, unaumenya ganda jeusi huku unapuliza vidole, na chai ya mchaichai isiyo na sukari. Maji yakipwa nyanya alitupeleka pwani kuokota kombe na kukimbizana na kaa. Mchana ulikuwa wa mchunga, ile mboga chungu ambayo usipoichemsha na kuimwaga maji mara mbili hailiki, kisha ikatiwa tui zito. Mlio wa mbuzi ya kukunia nazi ndio uliotuita nyumbani. Jioni tulichoma korosho juu ya bati, moshi ukituwasha macho, na mabibo yakatutia nguoni madoa ambayo sabuni ya shangazi haikuyaweza.

Nyanya alikaa kando akitutazama tunavyokula. Ukimwita aje, alijibu, "Nyie kuleni, mimi nimeshaonja jikoni." Alisema hivyo kila siku, nami nikaamini kwamba mpishi hushiba kwa kuonja.

Nyanya ninayemkumbuka alikuwa mwembamba, shingo nyepesi, kifua kimekaa wima, na alizikwa hivyo hivyo nikiwa nimeshaolewa. Nilikuwa na hakika kile chakula ndicho kilichompa lile umbo. Nikaliandikia kundi habari zake. Wakanitumia maua na makofi, na mwalimu akasema huyo ndiye kielelezo chetu. Tangu hapo kila nilipotamani chapati nilimkumbuka nyanya, nikapita kibanda cha mahamri bila kugeuka. Kilo nne zilikuwa zimeshatoka.

Basi shangazi akaandaa. Wali wa nazi, samaki wa kupaka, na pilipili ya kusaga pembeni. Nami nikatoa kopo langu.

Alilitazama kopo, akanitazama mimi, kisha akauliza kwa upole wa kutisha nimesikia nini kuhusu mikono yake. Nikajieleza mbio mbio: daktari, sukari, kundi, mababu. Nilipofika kwenye mababu akanisimamisha. Akasema mababu zangu walikuwa wakulima wa mpunga, na bonde lile ambalo sasa limejaa nyumba za kupangisha lilikuwa mashamba yao. Kwetu mtoto akizaliwa ni wali, mtu akioa ni wali, akifa ni wali. Hao mababu wasiokula nafaka nimewatoa wapi?

Nikaona hapo ndipo pa kumshinda. Nikamkumbusha kile kiangazi, tulivyokula vizuri, tulivyokuwa wepesi, na nyanya alivyobaki na umbo lake mpaka mwisho. Nikamwambia hata madrasa nilijisifu. Niliwaambia wenzangu kwetu hatupiki tena ugali, ugali ni wa watu wasio na samaki. Maalimu alinisikia, akanyamaza. Siku ya pili majirani wakaanza kutuletea sahani za wali zilizofunikwa kawa, nikadhani ni zawadi ya kusifu samaki wetu. Nilisimulia huku nacheka. Shangazi hakucheka.

"Kumbe ni wewe," alisema.

Nikamuuliza ni mimi nini.

"Mama alijiuliza miaka ni nani aliyeitoa siri yake nje. Amekufa akidhani ni mimi."

"Siri gani, shangazi?"

"Njaa, mwanangu. Ile ilikuwa njaa. We wadhani twalikula majani ya porini kwa kupenda?"

Nilitaka kubisha, lakini kila nilichokishika ili nibishe nacho kilikuwa upande wake. Akanieleza polepole, bila hasira, na hilo lilinitesa zaidi. Baba alikuwa amekosa kibarua, kodi ya Changamwe imemshinda, ndiyo sababu tukaletwa. Nyanya alikuwa hana mahindi hata ya kurushia kuku. Lakini kwake kujisitiri kulikuwa ndiyo heshima yote aliyobaki nayo, hakutaka jirani ajue. Alitulisha kilichookotwa pwani na porini, akatufanya tukione ni utamu. Na jikoni hakuwa akionja kitu, fungu lake lilikuwa moja dogo la usiku.

Halafu mimi nikatangaza madrasa, sahani zikaja. Na wewe wajua desturi yetu, sahani ya jirani hairudi tupu. Nyanya alitupa sisi ule wali, akachukua fungu lake la muhogo au la kombe, akalipanga juu ya sahani, akaifunika, akanituma niirudishe. Nilizibeba mimi. Nilizibeba kwa furaha, nikisifiwa kwa adabu mlango hadi mlango. Majirani walipoona kila sahani inarudi na kitu, wakasema kwa yule mama hakuna njaa, ni maneno ya mtoto tu. Baada ya wiki mbili wakaacha kuleta.

Kiangazi hicho nimewasimulia wanangu. Nimekisimulia harusini na matangani, kama mtu anavyoonyesha kito chake. Nilimwomba shangazi radhi kwa lile aliloshukiwa bure. Akasema mtoto hana siri, na mama yake alikuwa amemsamehe siku nyingi, ingawa hakukuwa na kosa la kusamehe. Hapo akajifanya anasogeza bakuli.

Mimi, kwa ujinga, nikashika kilichobaki. Nikasema angalau wembamba wa nyanya ulikuwa wa kuzaliwa, watu wengine ndivyo walivyo. Shangazi akanyoosha mkono, akanishika hapa juu ya kiwiko, penye nyama ninazozionea haya, akazifumbata zote.

"Mama alikuwa na mwili huu huu," alisema. "Huu wako. Wewe hukumjua. Mlipoletwa, mwili wake ulikuwa ushaanza kwenda."

Akaniambia kwamba leso moja ilikuwa haimtoshi nyanya, akaunganishiwa mbili, na wanawake wa Bofu walikuwa wakimtania kwa mikunjo ya shingo yake, naye akiringa. Kiangazi kilipokwisha, leso moja ilimzunguka mara mbili na ncha ikabaki. Mvua zilirudi, mpunga ukavunwa, baba akapata kazi. Mwili wake haukurudi.

Nilikula wali wa shangazi siku ile, vijiko vitano au sita, machozi yakinidondoka sahanini mbele ya mtu mzima. Yeye alikula pamoja nami, hakuniambia ninyamaze.

Bonde la mpunga halipo tena. Mikorosho imekatwa, na pale tulipookota kombe siku hizi unaokota mifuko. Huku ninakoishi sijui jirani yangu wa ukuta mmoja anakula nini, wala yeye hajui kwangu kunapikwa nini, na sahani haivuki kizingiti. Mtu akiwa na njaa hapa hahitaji hata kuificha. Kilo zangu zilizobaki nitazipunguza, kwa sababu daktari hakunidanganya na sukari haina mchezo.

Jumatatu mwalimu wa kundi aliniandikia mbele ya wote. Aliomba niwaeleze wenzangu yule bibi alifuata utaratibu gani mpaka akapungua vile, ili nao waige. Nikasukuma kando kazi zilizonirundikia mezani. Kisha nikaandika: Hakuwa akipunguza mwili wake. Alikuwa akitugawia.