Fyuzi Iliyobaki Mfukoni

Mtaani walimwita Cheche. Si kwa ufundi wake wa umeme tu, bali kwa kuwa hakujua kukaa kitako. Chai aliinywa wima, simu aliongea akitembea, na feni ya mteja aliifungua kabla mwenyewe hajamaliza kueleza inaumwa nini.

Siku hiyo mdogo wake, mvuvi, alimsihi amfungie taa kwenye mashua. Wiki iliyotangulia boti kubwa nusura iwagonge gizani, yeye na wenzake.

"Dada, saa kumi tunatoka. Leo nataka tuonekane."

Cheche akakunja suruali, akaingia majini hadi magotini. Betri aliitia ndani ya boksi la plastiki chini ya kiti cha nyuma, akapitisha nyaya ubavuni na kuzibana zisichezecheze. Taa nyekundu kushoto, ya kijani kulia, nyeupe juu ya mlingoti mfupi. Kila kiungo akakizungushia tepu na kukipaka grisi, maji ya chumvi yasipenye. Zilipowaka, wavuvi wawili wanaokwenda na mdogo wake walipiga mbinja kama wamemwona bibi harusi.

Jioni, akitafuta funguo mfukoni, vidole vyake viligusa kitu kidogo cha kioo. Fyuzi.

Hapo akakumbuka. Wakati wa kujaribu taa, mahali pa fyuzi aliunganisha kipande cha waya, akisema atakitoa baadaye. Hakukitoa. Nyaya zikigusana, hapana cha kuukata umeme; na betri ile imekaa hatua moja tu kutoka dumu la petroli ya injini.

Akapiga simu. Haipatikani. Akapiga tena na tena, kana kwamba mtandao ungeona haya. Akafunga karakana, akaifungua, asijue anachotaka ndani, akaifunga. Akakimbilia ufukoni, mashua zote zilishaondoka. Akarudi kwa njia ya nyumbani kwa mdogo wake. Wifi yake alikuwa mlangoni, anamsuka binti yake.

"Wifi, mbona unahema? Unakimbizwa?"

"Napita tu."

"Kwa mwendo huo? Haya, pita."

Usiku ule usingizi ulimpaa. Alitoka chumbani kwenda ukumbini, akarudi, akatoka tena, hadi mumewe akainua kichwa: "Mama, ama ulale ama ufagie. Kutembea tu hakutusaidii." Akafagia.

Kulipopambazuka alikuwa tayari ufukoni. Mashua ikaja, taa zote tatu zinawaka. Mdogo wake aliruka chini kwa kicheko, akawaita wavuvi wa mashua za jirani: "Njooni mumwone fundi! Huyu dada yangu!"

Cheche akamwekea fyuzi kiganjani. "Hii ilitakiwa iwe ndani ya boksi. Niliisahau. Mngeungua."

Kicheko kikakatika. Wakafungua boksi. Kile kipande cha waya kilikuwa chembamba mno kwa kazi ile, na ngozi yake ilikwisha kuanza kuyeyuka. Wale wavuvi wawili wa mashua wakatazamana. Mmoja akatema mate majini.

"Rekebisha," mdogo wake akasema. Hakusema dada.

Cheche akatoa waya wote uliopata joto, akaweka mpya na fyuzi mahali pake. Alipomaliza, mdogo wake alisogea karibu na kunong'ona, "Mke wangu asijue."

Kabla ya saa nne mke alishajua; ufukoni siri haikai. Alisimama mlangoni pa karakana, mikono kiunoni.

"Jana ulipita kwangu na moto kifuani, ukaniacha nakutania?"

"Sikutaka upate wasiwasi, wifi."

"Mume ni wangu, na wasiwasi wake ni wangu. Siku nyingine niambie, tungoje wote."

Wifi akasogeza feni iliyofumuliwa, akavuta kigoda na kukaa katikati ya nyaya, wala hakuonyesha dalili ya kuondoka. Akapepea nzi.

"Swichi ya jikoni kwangu inalia kama panya," akasema hatimaye. "Uje leo. Na nitasimama hapo hapo nikuhesabie vifaa kimoja kimoja."

Cheche akasema atakuja.