Mjapani Aliyekimbia Sahani

Asubuhi ya Krismasi ile baba alitoka misani, akapita kwa Mjapani kumchukua aje kula kwetu, akakuta mlango umefungwa kwa kufuli. Akamtafuta mtaa mzima. Mwisho alimkuta kwenye geti la karakana wanakofanya kazi, amekaa juu ya jiwe, kavaa ovaroli iliyopigwa pasi, sanduku la vifaa liko katikati ya miguu. Mlinzi alikuwa ameshamweleza mara tatu kwamba leo hakuna kazi, naye Mjapani alikuwa anasubiri mtu mwenye cheo kidogo aje kumthibitishia.

"Mwalimu, leo Krismasi," baba alimwambia.

"Ninajua," alijibu. "Lakini leo si Jumapili."

Kwao, kumbe, Krismasi watu wanakwenda kazini kama kawaida. Baba alisimulia jambo hilo pale uani kwetu Chang'ombe huku akijipiga mapaja kwa kicheko, lakini mimi nilimjua baba yangu. Kicheko kile kilikuwa na hofu ndani yake.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, enzi za ruksa, biashara zilipofunguliwa. Madukani kulijaa biskuti na sabuni za kila rangi, lakini viwandani watu walikuwa wanapunguzwa. Baba alikuwa fundi wa siku nyingi, mtu wa Masasi aliyekuja mjini na nyundo yake. Zilipoletwa mashine mpya za kukereza vyuma, mafundi waliambiwa kwamba atakayemaliza mafunzo na kupata cheti ndiye atakayebaki. Mkufunzi alikuwa huyo Mjapani, kijana wa miaka ishirini na saba ambaye baba, na mvi zake, alimwita mwalimu na alimaanisha. Mafunzo yalikuwa yamefika nusu. Wiki mbili kabla ya Krismasi kijana akamwambia baba kwamba mwaka ukianza ataomba arudishwe kwao. Baba alipouliza sababu, alijibu kwa Kiswahili chake cha darasani, kilichonyooka kuliko chetu sote: "Nimeshindwa kuishi vyema na watu." Akiondoka yeye, hakuna wa kumalizia mafunzo, na baba anarudi nyumbani na nyundo yake. Usiku ule baba hakugusa chakula. Mama akasema, "Mlete Krismasi. Mtu hashindwi na watu hivihivi."

Mimi, nisiseme uongo, sikuwa namhurumia sana. Nilikuwa na miaka kumi na sita na yule Mjapani alikuwa amenimaliza miguu. Alipanga nyumba ndogo iliyotazamana na yetu, na jirani yake ukuta kwa ukuta alikuwa bibi mmoja mjane, Mzaramo wa palepale, mwenye mikono isiyojua kupika kidogo. Siku ya kwanza bibi alinituma nimpelekee kijana vitumbua kwenye sahani. Kabla sijamaliza kufagia uwanja, kijana kanikimbilia na sahani ileile, imeoshwa, juu yake pakiti mbili za biskuti. Bibi akafurahi, kesho yake akapeleka wali na samaki kwenye sahani kubwa zaidi. Jioni hiyohiyo sahani ikarudi na sabuni na kopo la chai. Bibi akapeleka pilau kwenye bakuli. Bakuli likarudi na kitambaa. Ilipofika Idi bibi alipeleka sinia, na mbebaji ni nani kama si mimi? Baada ya sinia kijana akaanza kupita njia ya nyuma, kwenye mtaro, ili asionekane. Nikigonga mlango anazima redio. Nilimwambia mama kwamba yule mtu ana majivuno. Nilikosea, lakini wakati ule nilikuwa na uhakika kabisa, kama ilivyo kawaida yangu.

Basi siku ya Krismasi baba akamruhusu kwanza aende kubadilisha nguo. Akarudi na shati jeupe na boksi alilolibeba kwa mikono miwili. Ndani mlikuwa na keki nyeupe aliyoinunua mjini, juu yake kapanga vipande vidogo vya tikitimaji. Kwao, alisema, Krismasi lazima kuwe na keki nyeupe yenye matunda madogo mekundu, na kwa kuwa hapa hakuyaona, alitafuta chochote chekundu. Tikiti lilikuwa limeanza kutoa maji na keki ilikuwa inateremka upande mmoja. Tuliisifu sana.

"Na kuku," aliendelea. "Kuku wa kukaanga, wa dukani. Watu wanaagiza mapema, halafu wanapanga foleni."

"Foleni ya kuku?" mama aliuliza. "Hamna kuku nyumbani?"

"Wapo, mama. Lakini ni desturi. Jioni vijana wanatembea na wachumba wao, wanatazama taa."

"Na kanisani?"

"Wachache."

Mama aliweka mwiko chini. "Sasa mwanangu, mnasherehekea nini?"

Kijana alifikiri kwa uaminifu kabisa. "Keki," alisema.

Mama alicheka mpaka akashika ukuta, na kijana naye akacheka. Ndiyo mara ya kwanza nilipomwona meno. Siku kubwa kwao, alieleza, ni Mwaka Mpya. Hapo kila mtu hurudi kwa wazazi, nyumba husafishwa hadi kwenye pembe, na wali wa kunata hutwangwa kwenye kinu.

Hapo hodi ikapigwa. Ni bibi jirani, na kanga mpya, amekuja kutupa mkono wa sikukuu, na mkononi ana sahani ya maandazi iliyofunikwa kawa.

Kijana akaruka juu kama aliyekalia siafu. "Shikamoo bibi," akasema, akainama mara mbili, macho yakitafuta mlango wa nyuma.

"Marahaba. Sasa mjukuu wangu, leo mie nitakuuliza mbele ya watu," bibi alisema. "Mbona unanikimbia? Chakula changu kibaya?"

Baba alikuwa ananitazama mimi kana kwamba mimi nina jibu. Kijana alikuwa amekuwa mwekundu kuliko tikiti lake.

"Kwetu," alisema polepole, "mtu akikupa kitu, lazima urudishe kitu, upesi. Kuchelewa ni aibu. Mimi ninarudisha, bibi analeta kikubwa zaidi. Ninarudisha tena, analeta kikubwa zaidi. Nikajua zawadi zangu ni ndogo, bibi amekasirika. Sasa sina tena kitu cha kurudisha kinachotosha. Ninaomba radhi."

Bibi alimkodolea macho. Kisha akakaa chini kwenye mkeka, akajifunika uso kwa kanga, mabega yakawa yanatikisika. Tulidhani analia.

"Jamani!" alisema alipopata pumzi. "Mie nilidhani una njaa! Sahani inarudi siku hiyohiyo, imeshaoshwa, nikasema masikini, huyu mtoto anaomba nyingine kiungwana! Nimepika mpaka mkaa umeniishia!"

Sijui nani alianza, lakini hata watoto wa nyumba ya tatu walikuja kuchungulia sie tunacheka nini. Baba alifuta machozi waziwazi. Mimi nilicheka, na chini ya kicheko nikaona haya, maana nilikuwa nimemwita mtu mwenye majivuno wakati alikuwa anapita mtaroni kwa adabu.

Bibi ndiye aliyemfundisha. Alimkalisha karibu, akampa maandazi na sahani yake. "Sahani ya jirani hairudi tupu, hapo na kwetu ni hivyohivyo. Lakini hairudi leo. Inakaa kwako. Siku ukipika chako, hata mchicha, ukinikumbuka, ndio inarudi. Ukiniharakishia ni kama unaniambia tusijuane tena. Umesikia?"

"Nimesikia, bibi."

Mchana wote ulikuwa wa furaha tupu. Kijana aliomba kinu chetu atuonyeshe mambo ya Mwaka Mpya: yeye anatwanga, mwingine anageuza wali kwa mkono kati ya pigo na pigo. Bibi akajitolea kugeuza, na kila mchi ukishuka mama alipiga ukelele. Wali wetu wa Kyela ulikataa katakata kunata. Ukawa uji wa mgonjwa, tukaula hivyohivyo na keki.

Lakini baba alikuwa bado hajauliza habari ya kuondoka, na aliibeba moyoni mpaka kazi ilipofunguliwa baada ya Mwaka Mpya. Jioni ya siku ile ya kwanza ya kazi tulimsubiri barazani, mama hata kuwasha jiko hakuwasha. Baba alikuja anatembea upesi, kofia mkononi, na alituambia akiwa bado amesimama. Alikuwa amemkuta kijana anapanga kazi za mashine za wiki nzima, akamuuliza, "Mwalimu, ile safari ya kurudi kwenu?" Na kijana alimtazama kama anayeulizwa jambo lisilo na adabu.

"Siwezi kuondoka," alisema. "Bado nina sahani ya bibi."

Mama akashukuru Mungu kwa sauti. Baba hakungoja amalize. Aliingia jikoni mwenyewe, akatoka na bakuli letu kubwa la udongo, akanikabidhi na kuniambia nikamwombe bibi alijaze chochote, nilipeleke kwa mwalimu sasa hivi, na nisithubutu kurudi nalo.