Mita Nne Nilizodanganya

Nilijikojolea katikati ya majani chai, huku Kebirigo, saa tatu asubuhi. Miguu ilikataa kabisa. Nilitambaa kwa viwiko hadi njiani, sketi imelowa, wenzangu wakadhani nimeona nyoka. Mmoja alikimbia kabla hata ya kuuliza. Leo tunacheka.

Zamani nilikuwa mtu wa mbio. Kikapu mgongoni, nafika kupima majani wengine bado wanafunga viatu. Halafu mgongo ukaanza kuuma. Nikakonda, nikilala nalowa jasho. Sabato nilitembea pole pole hadi nikafika kanisani watu wakiomba sala ya kufunga ibada.

Shemeji yangu Ombati, ndugu wa mume wangu, alinipeleka kliniki. Mhudumu, msichana mpole, alibandika utepe sakafuni, mita nne, akashika simu ya kuhesabu sekunde.

"Mama, tembea vile unatembea kila siku. Mwendo ukipungua, mwili unatuambia kitu."

Ombati akaninong'oneza kwa Kikisii, "Mama Kerubo, kaza mwendo! Usituaibishe, wataandika sisi ni wavivu."

Na mimi mjinga nikakaza. Niliuma meno, nikapita pale kama nafukuzwa na ng'ombe.

"Uko sawa, mama!" msichana akasema. "Kuna shida nyingine?"

Ombati akajibu kabla sijafungua mdomo, "Ni umri tu."

Nikarudi nyumbani na tembe za maumivu. Miezi mitatu baadaye ndipo nikatambaa kwenye majani chai.

Waliponirudisha kliniki kwa machela, nilimwambia msichana ukweli.

"Kumbe ulinidanganya, mama?"

"Nilikudanganya."

Picha ikaonyesha kifua kikuu kwenye uti wa mgongo. Nilimeza dawa mwaka mzima, mkojo rangi ya machungwa, nikijifunza kutembea nimeshika ukuta. Kila mwezi nilipimwa mita zile zile. Mara ya kwanza, msichana alihesabu mpaka akapiga miayo. Siku nilipomaliza kwa sekunde nne, nilicheza pale pale, naye akacheza.

Asante Mungu, asante msichana. Na nyinyi mnaosoma, mkipimwa mwendo, tembeeni mwendo wenu wa kila siku, hata kama ni pole pole. Msimwonee daktari haya.

Lakini Ombati bado anajisifu sokoni kwamba aliniokoa kwa kunipeleka mapema. Ombati, ulinipeleka, ndiyo. Waambie pia ulininong'oneza nini. Sabato hii, ibada ikiisha, simama mbele ya watu unijibu: aibu ilikuwa ya nani, na miguu ilikuwa ya nani?