Abiria wa Mbele

Mume wangu alipokufa, watu wote wa kwao walimwota isipokuwa mimi. Mama yake alimwona amesimama uani, akiomba maji. Ndugu yake mdogo alimwona akicheka. Mimi niliyelala naye kitanda kimoja miaka yote ile, katika nyumba ya shirika la reli alikofanya kazi, pale Makongeni, Nairobi, sikuona kitu. Nilizima taa mapema, nikangoja, na asubuhi nikaamka bila ndoto, kama nilivyolala.

Kilichobaki kwangu kilikuwa sauti. Gari lake dogo lilikuwa limeegeshwa ubavuni mwa nyumba, na kila jioni, jua likishuka nyuma ya mapaa, bati lake lililia: ti, ti, kisha kimya, kisha ti. Ndivyo lilivyolia zamani alipotoka kazini na kulizima. Nilijua ni chuma kinapoa. Yeye mwenyewe alinifundisha kwamba chuma kikipata joto hutanuka, kikipoa hujikunja. Lakini gari lile halikuwa limewashwa tangu mazishi, ni jua tu lilikuwa limelipasha, na bado niliacha kuchagua mchele nikasikiliza.

Lilikuwa gari la milango miwili, kuukuu, injini nyuma na buti la mizigo mbele. Jirani mmoja aliyehamia Buruburu na kununua gari refu hakuchoka kumtania.

"Niaje, mzee. Hii ukimaliza kuendesha unaikunja unatia mfukoni?"

"Naitundika msumarini," mume wangu alijibu, "karibu na kofia."

Aliniambia kila mtu hupanga magari madogo katika mafungu kwa haja yake. Serikali huyapanga kwa ukubwa wa injini, kwa sababu inataka kodi. Jirani huyapanga kwa milango, kwa sababu anataka kujua wewe ni nani. Fundi huuliza injini imekaa wapi, na inazungusha magurudumu gani.

Mimi niliacha shule darasa la saba, kwa hiyo alinieleza kwa mikokoteni. Tulikuwa tunatoka soko la Gikomba na mboga.

"Muone huyu," alisema. "Yuko mbele, anavuta, mzigo unamfuata. Sasa muone yule anayesukuma. Nguvu yote iko nyuma, na ncha ya mbele inajitafutia njia. Gari letu ni la yule wa pili."

Walioliunda, alisema, waliitia injini nyuma ili kuokoa nafasi. Hakuna mtaimbo mrefu wa kupita chini ya sakafu kwenda kuzungusha magurudumu ya nyuma, kwa hiyo watu wanne wanaenea katika kagari kadogo. Lakini ukiokoa hapa unalipa pale. Pua inakuwa nyepesi, na upepo wa ubavuni ukiipiga, inayumba.

Kwa sababu hiyo alikuwa ameweka furushi kwenye buti la mbele, limeviringishwa ndani ya ovaroli yake kuukuu ya buluu na kukazwa kwa kamba. Alilifunga kazini, sikuwahi kuona ndani yake mna nini. Tulilipa jina la abiria wa mbele. Tukitoka kwenda kanisani nilimuuliza, "Abiria yupo?" Naye akasema, "Yupo, amelala."

Kwao, watu wakishanyoa nywele baada ya mazishi, nguo za marehemu hazibaki kwa mjane. Hugawiwa ndugu zake. Shemeji yangu, yule aliyemwota akicheka, alikuja kutoka magharibi kuchukua zilizobaki Nairobi, pamoja na gari. Wazee walikuwa wameamua liende kwao kijijini, limpeleke mama mkwe hospitali, maana miguu yake ilikuwa imevimba. Sikukataa. Ilikuwa haki. Lakini nilijua likiondoka, ile ti-ti nayo imeondoka, na mwenyewe bado hajanijia.

Niliporudi kutoka kuteka maji mferejini, shemeji alikuwa amekwisha kutia nguo zote guniani. Karibu na mlango palikuwa na kipande kifupi cha reli, chenye kutu. Nyumba za reli hazikosi vyuma. Nikakisukuma kwa mguu mpaka kwenye mlango, kiuzuie usijigonge, na nikaendelea na kazi.

Alasiri tukatoka kulijaribu gari. Kwenye Barabara ya Jogoo lilikwenda salama. Tulipoingia barabara ya Outering, pale palipo wazi na upepo unatoka Embakasi bila kizuizi, usukani ukaanza kucheza.

"Shemeji, umeona?"

"Nini?"

"Si mimi ninayegeuza."

Pua ilielekea mtaroni, ikarudi, ikaelekea tena, kama mtu anayebadili nia. Alisimamisha gari kando, akashuka, akaweka kiganja juu ya paa. Alizungumza kama wanavyozungumza kwao na maiti anayekataa safari.

"Ndugu yangu, ni mimi. Hatukuibii. Mama anaumwa."

Aliingia tena, tukaondoka. Gari likayumba vilevile.

Nilikuwa nimeweka mkono juu ya dashibodi. Nilifurahi. Niliogopa pia, lakini furaha ilikuwa kubwa zaidi. Nikasema moyoni, umekuja.

"Hataki," shemeji alisema. "Basi. Nitawaambia wazee limekataa. Libaki kwako, shemeji. Ni wewe anayekutaka."

Tangu mazishi hakuna aliyekuwa ameniambia neno kama hilo.

Tulirudi polepole. Nikiingia nyumbani nilijikwaa kwenye kile chuma. Nikainama kukisogeza kwa mikono, kikanilemea, na nikaona nyuzi za buluu zimenasa kwenye kutu. Nikakaa kizingitini. Ndani, shemeji alikuwa akinywa chai, ameshakubali kuniachia gari.

Ningeweza kuziokota zile nyuzi na kunyamaza. Lakini nilimfikiria mama mkwe na miguu yake. Na nilifikiri, mume wangu hakuwahi kunidanganya kuhusu gari lile hata mara moja.

"Shemeji, chuma hiki ulikitoa wapi?"

"Kwenye buti, ndani ya ovaroli. Nilidhani alikisahau. Mimi nilitaka nguo, nguo ya marehemu haiachwi garini."

"Kirudishe."

Nikamweleza kwa mikokoteni, kama nilivyoelezwa. Alisikiliza mpaka chai ikapoa.

"Kwa hiyo si yeye."

"Si yeye."

"Ungenyamaza tu, shemeji," alisema. Hakusema kwa hasira. Ndoto yake ilikuwa moja tu, nadhani naye alikuwa akingoja.

Asubuhi nilikifunga chuma kwa leso yangu ya kujifunga kiunoni, yeye akakilaza mahali pake. Tukarudi Outering kuhakikisha. Upepo ulikuwa uleule, nyasi za kando zimelala chini. Gari lilikwenda limenyooka kama uzi. Niliweka tena mkono juu ya dashibodi. Palikuwa na mtetemo wa injini tu, kutoka nyuma.

"Linaenda vizuri," shemeji alisema.

"Linaenda."

Alinirudisha nyumbani, akapakia gunia, akaondoka na gari. Jioni jua liliposhuka nyuma ya mapaa nilijikuta nimeacha kuchagua mchele, nasikiliza. Uani palikuwa kimya. Mlango wangu ndio uliokuwa ukijifungua na kujifunga kwa upepo, maana hapakuwa na kitu cha kuuzuia. Ningeweza kutia jiwe. Niliuacha.